Kumwitikia Asiyekuwapo

Kosa langu najua lilipolala: ukurasa wa saba, mstari wa kumi na nne. Hakuna aliyenionyesha. Nililiona nikiwa ninaliandika, na wino wake nikaupuliza ukauke kama nilivyopuliza mistari mingine yote.

Ulikuwa mwaka ambao Leta, ndivyo tunavyoiita serikali ya Wabelgiji, ilitangaza kwamba wanaume wa vijijini nao watachagua watu wa kuwasemea. Kabla ya kuchagua, kila kijiji kilitakiwa kiwe na orodha ya wanaume waliotimiza miaka na wanaokaa pale kweli. Biro, yaani ofisi, ya chifu wetu, upande wa Lusangi, kwenye njia iendayo Kabambare, ilikuwa na karani mmoja tu, mtu aliyesoma misheni huko Kasongo. Majina yakamshinda wingi. Akaulizia kijana mwenye mwandiko mzuri, akaletewa mimi.

Mimi sikusoma misheni. Kwetu, katika kijiji cha Waislamu, mtoto aliyepelekwa kwa mapadri alihofiwa kurudi na jina jingine, kwa hiyo marehemu baba alinipeleka chuoni, nikajifunza herufi za Kiarabu na sura fupi. Herufi za Kizungu nilijitafutia mwenyewe. Nilizisoma kwenye magunia ya pamba, kwenye makopo, kwenye kitabu cha kodi cha baba. Kifaransa nilikipata katika nusu ya kitabu ambacho mwenye duka mmoja alikuwa akichana kurasa zake kufungia chumvi. Nilimwomba kilichobaki. Kilianzia ukurasa wa arobaini na moja, ndiyo maana hadi leo mambo ya mwanzo ya Kifaransa yananishinda, hata salamu, ila sheria na maneno magumu ninayasoma bila shida kubwa.

Nasema haya ili ijulikane nilikuwa nani nilipokaa kwenye meza ile. Aliyesoma peke yake hana mtu wa kumwambia imetosha. Tone moja la wino likianguka pembeni, ukurasa mzima ninauandika upya. Karani mkubwa alinicheka. "Wewe wa chuoni," aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, "orodha ni ya kuhesabu watu, si ya kutundika mskitini." Nilicheka naye, halafu nikachukua karatasi nyingine.

Sasa niseme desturi yetu, maana bila hiyo jambo lenyewe halieleweki. Kwetu mtu anayesafiri kwenda kukaa mbali huacha mtu wa kumwitikia. Ni jambo la tangu siku za pamba ya lazima. Mtu wa Leta alikuja na daftari, akasoma majina, na ambaye hakuitika aliandikwa kuwa ametoroka. Ndugu zake ndio waliosumbuliwa, na shamba lake likapewa mwingine. Basi watu wakajifunza. Anayekwenda machimboni Salamabila, au kuvua samaki Nyangwe, au mbali zaidi Katanga, humfuata mtu wake wa karibu, hupiga magoti na kusema: "Uniitikie." Naye hujibu: "Nitakuitikia." Siku ya kuhesabiwa, jina likisomwa, mtu yule huitika "Iko!" kwa niaba ya aliye mbali. Kapita, msimamizi wa kijiji, anajua. Wote wanajua. Si uongo kwetu. Ni kama kumfagilia mtu ua wake akiwa safarini.

Kaka yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, alikwenda jeshini kuwa soda, ndivyo tunavyomwita askari, nilipokuwa sijaota ndevu. Siku ya kuondoka alipiga magoti mbele ya mama, kwa sababu baba alikuwa ameshafariki. "Mama, uniitikie." Tangu siku hiyo mama hakukosa kuhesabiwa hata mara moja. Mwaka mmoja aliitika akiwa na homa, ameegemea ukuta, blanketi mabegani.

Kazi yetu ya kuandika majina ilifanyika katika hangari ya pamba, kwa kuwa ndiyo paa pana kuliko zote pale. Wanaume walikaa upande wa mizani. Wanawake, ambao hawakuwa na haki ya kuchagua, walisimama nje ya nguzo, lakini walikuja wengi, maana nusu yao walikuwa na watu wa kuwaitikia. Mimi nilisoma majina kutoka daftari la zamani, na aliyeitika nilimwandika kwenye orodha mpya. Chini ya kiwiko changu kulikuwa na karatasi ya masharti kwa Kifaransa. Nilikuwa nimeisoma mara nne nyumbani. Sharti moja lilisema mtu aliyehama kwa muda wa miezi sita ataandikwa huko anakofanya kazi. Jingine lilisema askari aliye kazini haandikwi popote. Nilielewa. Ningependa kusema Kifaransa changu cha ukurasa wa arobaini na moja ndicho kilichonipotosha, lakini hapana, nilielewa vizuri kabisa.

Nikafika kwenye jina la kaka. Nikalisoma kwa sauti ileile niliyosomea mengine.

"Iko!" Sauti ilitoka nje ya nguzo.

Watu wakacheka. Fundi cherehani, jirani yetu, mzee anayependa maneno, akageuka. "Iko wapi, mama wa soda? Umemuficha ndani ya mutungi?"

"Wewe shona suruali," mama akamjibu, "uache watoto wa watu. Wako wa Salamabila nani amemuitikia asubuhi hii? Si wewe?"

"Ni mimi, na sauti yangu ni tamu kuliko yako."

Kicheko kikazidi. Niliinua macho, nikamwona mama akiniangalia. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa akingoja niandike, kama anavyongoja mtu anawe mikono ili ampakulie chakula.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliandika. Kumkanusha mama mbele ya kijiji kizima kulikuwa kugumu, hiyo ni kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na naona haya kulisema. Ukurasa wa saba ulikuwa umetoka mzuri kuliko yote, bila doa, herufi zimesimama kama askari wenyewe. Nilitamani jina la kaka yangu liwe hapo, kwa mkono wangu. Nikaliandika. Halafu nikasoma jina lililofuata.

Orodha ilipokwisha, karani mkubwa aliibandika kwenye ukuta wa biro, chini ya baraza. Masharti yalisema ikae pale siku nane, ili mwenye malalamiko aje aseme. Baada ya siku nane itachukuliwa na kamyo, lori la bwana ajenti, yule Mbelgiji kijana anayezungukia machifu, ipelekwe Kabambare, na ikishafika huko haigusiki tena. Kila asubuhi nilikwenda kuitazama. Watu walisimama mbele yake wakitafuta majina yao, wengi wasiojua kusoma wakaniomba niwaonyeshe, nami niliwaonyesha kwa ncha ya kijiti ili vidole visichafue karatasi. Ndivyo nilivyokuwa na furaha ya kijinga kwa siku tatu.

Siku ya nne karani mkubwa aliniita ndani. Alikuwa na barua mpya mkononi.

"Wa chuoni, ulipoandika, hukumuweka soda hata mumoja, si ndiyo?"

"Kwa nini, bwana karani?"

"Huko juu wameanza kuogopa. Wanasema soda na mambo ya vyama ni petroli na kiberiti. Sasa majina ya askari wote wa huku yatalinganishwa na orodha za vijiji. Soda akikutwa ameandikwa, jina lake linakwenda moja kwa moja kwa mukubwa wa kampi yake." Alikunja barua. "Watavua watu galoni, mimi nakuambia. Wengine watalala gereza."

Nikasema hakuna. Neno lilitoka lenyewe. "Hakuna, bwana karani."

Nilitoka nje, nikasimama barazani. Galoni ni ule mkanda wa cheo kwenye mkono wa askari. Kaka alikuwa ameingojea ya kwanza kwa miaka. Barua yake ya mwisho, aliyoandikiwa na mwenzake wa kampi, ilisema wamepangwa mstari, wakaambiwa siasa ya kwao haiwahusu, na asiyesikia atajuta. Ilisema pia kwamba jina lake limepelekwa mbele kwa ajili ya galoni, tumwombee. Mimi ndiye niliyeisomea familia barua ile. Na sasa jina lake lilikuwa ukutani kwa mwandiko wangu, likisema kwamba ni raia, anakaa kijijini, na atachagua.

Zilibaki siku nne. Nilifikiri kwanza kufanya mambo kimya kimya. Nilichukua wembe na karatasi chakavu, nikajaribu kukwangua maandishi. Karatasi ilitoboka. Halafu nikafikiri kuuandika upya ukurasa wa saba bila mstari wa kumi na nne. Nikauandika kweli, nyumbani, mlango wazi kwa ajili ya mwanga, nikiufunika kila mtu anapopita. Ulipokwisha ndipo nikakumbuka kwamba majina yote yalikuwa na namba, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na jumla ilikuwa imeandikwa chini na kugongwa muhuri. Nikitoa mtu mmoja, wote wanaofuata wanasogea. Ningepaswa kuandika upya kurasa kumi na nne na kuiba muhuri. Niliuchana ule ukurasa vipande vipande.

Nikamwendea mama. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamweleza yote: sharti, barua, galoni. Hakuacha kutwanga hadi nilipomaliza.

"Unataka nini?" akaniuliza.

"Uje bironi. Useme ulikosea, kwamba kaka haiko hapa. Watalikata jina."

"Kwa wino mwekundu?"

Katika daftari la Leta jina hukatwa kwa wino mwekundu, na sisi sote tuliwahi kuona hivyo kwa watu wa aina moja tu.

"Baba yako walimupiga mustari ule," mama akasema, "akiwa ameshazikwa siku tatu. Nilikuwepo. Karani aliuliza, hakuna mutu aliitika, akapiga. Ule mustari ni wa watu wa kaburini. Unataka mimi, mama yake, nimutie mutoto ndani ya ule mustari na yeye anapumua?"

"Ni karatasi tu, mama."

"Kama ni karatasi tu, mbona unalia?"

Sikujua kwamba nilikuwa nalia. Akasonga mchi pembeni, akanifuta uso kwa upande wa kiganja usio na majani. "Alipiga magoti mbele yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Atarudi siku moja, wamuambie wewe si mutu wa hapa, mama yako mwenyewe alikukana. Alale wapi?"

Niliondoka bila kumwambia mtu. Lakini kijiji chetu hakina kuta nene. Kesho yake fundi cherehani alinikuta njiani, akanishika mkono juu ya kiwiko, si kwa nguvu, ila hakuniachia.

"Nasikia bwana karani wetu anataka kufuta."

"Baba fundi, ni mtu mmoja tu. Ni kaka yangu."

"Mumoja, halafu? Mzungu si mujinga. Atauliza: huyu aliitikiwa na nani? Na wengine wangapi wameitikiwa? Ukifungua ule mulango, watoto wetu wote wanatoka. Wangu amesema atakuja kwa miguu kutoka Salamabila siku ya kuchagua. Kwa miguu! Amesema ni mara ya kwanza mutu anamuuliza yeye anataka nini."

"Si angeandikwa kule Salamabila, baba? Sharti linasema…"

"Kule walifunga orodha yao wiki iliyopita. Nani alijua?" Ndipo akasema neno lililoniuma kuliko yote. "Ule mwaka ulipougua ukapelekwa Nyangwe kwa shangazi yako, miezi mingapi ile? Mama yako alikuwa tayari na jina la kaka yako la kubeba. Mimi ndiye nilisema iko kwa ajili yako. Ulijua?"

Sikuwa nikijua. Aliniachia mkono, akaenda zake akikohoa.

Siku ya saba kamyo ya bwana ajenti iliingia mchana. Alikuwa ameleta kreti za masanduku ya kura, matupu, yanagongana. Ilikuwa alale kwenye nyumba ya wageni, asubuhi achukue orodha aondoke nayo. Nilizunguka biro mara tatu. Kila nilipokaribia mlango nilitunga sentensi ya Kifaransa, nikakuta ina kosa, nikarudi kuitengeneza. Ndivyo nilivyo. Hata kaka yangu akiwa anaelekea gerezani mimi nilikuwa nahangaika na vitenzi. Mwishowe niliingia na kusema kwa Kiswahili.

"Bwana, kwenye orodha kuna askari. Ni ndugu yangu. Niliandika mimi, nikijua."

Karani mkubwa aliweka kalamu chini. Bwana ajenti alikuwa akijipangusa vumbi shingoni kwa taulo. Aliendelea kujipangusa.

"Ulijua sharti?"

"Nilijua."

"Na juzijuzi nilikuuliza mimi mwenyewe," karani mkubwa akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Ukaniambia hakuna."

"Ndiyo, bwana karani. Nilikudanganya."

Bwana ajenti alivuta kiti akakaa, akaniangalia. Hakuonekana kukasirika, ila amechoka kwa safari. "Tutalikata. Hiyo si kazi. Sasa niambie." Akainamisha kichwa kidogo. "Ni mumoja tu?"

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli kuliko mahali pengine popote. Ningeweza kusema ndiyo. Kaka angepona, mtoto wa fundi angekuja kwa miguu kutoka Salamabila na kuchagua, orodha ingekwenda, na hakuna ambaye angejua. Nilikuwa na jibu hilo mdomoni. Nikasema: "Si mumoja."

Watu wamesema niliogopa. Wengine, wachache, wamesema nilikuwa mwaminifu. Si moja wala jingine. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimeshatoa kosa moja nje, na sikuweza kuvumilia orodha yenye mwandiko wangu kubaki na mengine ndani. Niliona kila moja lilipo, ukurasa na mstari. Niliyataka yatoke. Ilikuwa tamaa ya usafi, na niliilipia kwa watu wasio wangu.

Asubuhi iliyofuata pembe ikapigwa. Watu wakakusanyika tena hangarini, safari hii bila kicheko. Bwana ajenti alisimama kando ya mizani. "Leo," akasema, "kila mutu ajiitikie yeye mwenyewe, na asimame nimuone." Akaniwekea mbele penseli nyekundu.

Nikaanza kusoma. Mtu aliitika, akasimama, akakaa. Mwingine, na mwingine. Kisha jina la kwanza lisilo na mtu. Nilisubiri. Nilisikia mbuzi akijikuna kwenye nguzo. Sikuinua macho. Nikapiga mstari. Mwanamke mmoja nje alitoa sauti ndogo kama aliyechomwa mwiba.

Lilipofika jina la mtoto wa fundi, mzee alisimama.

"Iko," akasema.

"Wewe ni yeye?" bwana ajenti akauliza.

"Mimi ni baba yake."

"Kaa, mzee."

Hakukaa. Alibaki amesimama, mikono nyuma, akinitazama mimi, si Mzungu. Nilipiga mstari na penseli ikavunjika. Karani mkubwa alinichongea nyingine.

Ukurasa wa saba. Nilijua jina lile linakuja tangu mstari wa kwanza, na kila mstari nilisoma polepole zaidi, hata bwana ajenti akasema: "Endelea, karani." Nikalisoma jina la kaka yangu.

Hakuna aliyeitika. Nikainua macho. Mama alikuwa amepita nguzo, ameingia ndani ya hangari upande wa wanaume, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyekuwa amesimama. Ushungi wake ulikuwa umefungwa vizuri, kama wa siku ya Idi.

"Mutoto wangu yuko kwa wasoda," akamwambia bwana ajenti. "Hapa haiko. Mimi ndiye niliitika. Huyu aliandika kwa sababu mimi ni mama yake." Kisha akanigeukia. "Piga. Lakini uniangalie mimi, usiangalie karatasi."

Nikapiga nikimwangalia. Mstari ule umepinda. Umeanzia kwenye herufi ya kwanza ukaishia juu ya jina la jirani yake, hata ikabidi karani mkubwa aandike pembeni kwamba huyo wa pili hakukatwa.

Tulikata majina thelathini na moja. Bwana ajenti alitia sahihi chini, akakunja orodha, akapanda kamyo. Aliniambia kwamba kwenye meza ya kura hatanihitaji, na hiyo ilikuwa adhabu yote. Karani mkubwa hakuniita wa chuoni tena. Aliniita kwa jina langu, na nilitamani anicheke.

Adhuhuri wanawake walikuja kwetu. Walikuja na unga wa muhogo vichwani, wawili wawili, wakakaa kwenye mikeka kama watu wanavyokaa msibani. Mmoja akaanza kulia. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Munamulilia nani?"

"Dada, tumesikia jina la mutoto…"

"Mutoto wangu anakula nyama ya kopo kila siku, amenona kushinda waume wenu. Bebeni unga wenu. Hapana, wewe acha wako, una deni langu la wali. Wengine bebeni."

Waliondoka wakicheka na kufuta machozi kwa pamoja. Walipokwisha kwenda, mama aliketi kwenye mikeka ile peke yake, na hakuniita kula.

Siku ya kuchagua ilifika na kupita. Mtoto wa fundi alikuja kweli. Hakuwa amepata habari. Alifika na vumbi hadi magotini, akasimama kwenye mstari tangu alfajiri, na mezani wakamwonyesha mstari mwekundu juu ya jina lake. Niliona kwa mbali, kwa kuwa nilijificha nyuma ya ghala. Hakupiga kelele. Alitazama karatasi ile, kisha, kama nilivyosimuliwa, akamuuliza karani mkubwa kama kuna mahali pengine pa kwenda, Kabambare labda. Aliambiwa hakuna.

Wiki kadhaa baadaye askari mmoja wa kampi ya kaka alipita na kamyo akienda konji, yaani likizo, kwao. Kaka alikuwa amemwagiza atusalimie. Mama alimpa kiti na ndizi. Mimi nilisimama mlangoni, nimeshikilia fremu.

"Kule kampi," askari akasema, "walisoma majina ya wale waliokutwa kwenye orodha za kwao. Wawili. Wameingia selo, na mumoja alikuwa na galoni tayari, wameing'oa mbele yetu."

"Na wangu?" mama akauliza.

"Wako hakusomwa, mama. Wako yuko kwenye mustari wa kupewa galoni."

Mama akashusha pumzi. "Amekonda?"

"Hapana, mama. Ana kitambi kidogo."

Alicheka, akampakulia tena. Nilingoja anitazame. Nilidhani atasema neno, lolote, hata ahsante ya macho. Askari alipokwisha kupanda kamyo yake ndipo akanigeukia.

"Wangu amepona," akasema. "Sasa wewe nenda kwa fundi."

"Nikamwambie nini, mama?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye mwenye maneno yote ya Kizungu."

Nilikwenda. Fundi alikuwa barazani kwake, mguu kwenye cherehani, akishona gauni la bluu. Nilitoa salamu. Hakuitika. Nilikuwa nimepanga njiani sentensi tatu, nikazisahihisha, nikabakiza moja, na pale mbele yake hata hiyo niliona haifai.

"Unanizibia mwanga," akasema.

Nikasogea. Nikakaa chini kwenye ukingo wa baraza, miguu ikining'inia. Alishona hadi gauni likaisha, akakata uzi kwa meno, akaanza jingine. Watu walipita wakatusalimia wote wawili, naye akawajibu. Mwadhini alipoadhini alasiri alisimama, akachukua birika, akatawadha taratibu, mkono, uso, miguu. Kisha akaingia ndani kuswali na kuliacha birika pale ngazini, karibu na mimi. Nililiinua. Lilikuwa na maji. Sijui kama aliniachia au alisahau tu. Nikatawadha, nikasimama nyuma ya mlango wake, nikaswali nikifuata takbira zake.